Chungu Kutoka Londinium na Namna ya Kubeba

Mchungaji aliniomba niwaeleze ninyi vijana wa ibada ya Kiswahili hapa Bowie, Maryland, juu ya kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu, akanipa dakika kumi kati ya kwaya na matangazo. Dakika kumi mimi sijamaliza hata kusafisha koo. Ndiyo maana nimeandika. Najua wengine wenu mtasomewa na mama zenu, kwa sababu Kiswahili mnakielewa sana kikitajwa chakula, lakini mkiambiwa mkisome mnakumbuka ghafla kwamba mna homuweki. Si neno. Mwenye kusomewa naye amesoma. Nawaomba tu mfike mwisho, maana mwishoni nina kazi ya kuwapa, na nimewachagua ninyi kwa kuwa migongo yenu bado mizima.

Nilikuwa mbebaji. Mkisikia hivyo mnafikiria makochi ya watu wanaohama nyumba. Hapana. Nilibeba vitu vya makumbusho: vyungu, sanamu, picha, viti vya wafalme ambao hawapo tena wa kuvikalia. Kila kitu mnachokiona kimetulia nyuma ya kioo kule mjini Washington, yupo mtu aliyekiweka pale huku amejikaza asipige chafya. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mimi, Mwadime, mtoto wa Wundanyi, milima ya Taita.

Kazi nilifundishwa na Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, seremala aliyekuwa akitengeneza makasha ya kusafirishia vitu hivyo. Karakana yake ilikuwa Manassas, jimbo la Virginia, na kutoka Bowie kwenda Manassas asubuhi, kwa barabara ile ya mzunguko, mtu huokoka mara mbili. Lakini ukifika unakaribishwa na harufu ya mbao na kahawa, na sauti ya Papa Ilunga anayegombana na randa yake kwa Kifaransa.

Siku yangu ya kwanza alinionyesha mtungi mezani, wa kawaida tu, wa kufundishia. Akasema niuinue. Nikaushika masikio yake mawili, nikainua.  Papa Ilunga alikuja nyuma yangu, akanishika masikio yangu mimi, akayavuta juu mpaka nikasimama kwa ncha za vidole.

"Weye! Unasikia utamu?"

"Hapana, Papa."

"Basi juu ya nini unamufanyia mwenzako? Mutoto banamubebaka namna gani? Mukono moya ku matako, ingine ku mugongo."

Tangu siku hiyo sijashika hata kikombe cha chai kwa sikio bila kujisikia vibaya. Na alikuwa na haki. Sikio la mtungi lilibandikwa baadaye na mfinyanzi, na pale lilipobandikwa ndipo litakapoachia. Mwaka nenda mwaka rudi chombo kinaonekana kizima, kumbe kinasubiri tu mjinga mmoja. Wale kati yenu mlioingia kazi za hospitali, mnaoinua wagonjwa, mmeshafundishwa jambo hilohilo: usimvute mtu kwa mkono, mshike pale uzito wake ulipo.

Somo la pili lilikuwa njia. Kabla ya kuinua unatembea kwanza mikono mitupu, kutoka kitu kilipo mpaka kinapokwenda. Unafungua milango. Unatazama nyaya sakafuni, unapima lifti, unahakikisha meza ya kutulia iko tayari na haina kikombe cha mtu. Papa Ilunga alikuwa na sentensi moja aliyoirudia mpaka nikaiota: usiinue kitu kama hujui utakitua wapi. Yeye mwenyewe aliikiuka mara moja. Alitengeneza kasha la sanamu, zuri ajabu, pembe zimekutana kama viganja vya mtu anayeomba, halafu tukagundua ni pana kuliko mlango wa karakana. Tulilazimika kung'oa fremu ya mlango. Kwa mwezi mzima hakuna aliyethubutu kutaja neno mlango mbele yake.

Somo la tatu lilikuwa sauti. Watu wanaobeba pamoja hawanyamazi. Mimi na yeye tulikuwa na maneno yetu: mmoja huuliza "Tuko?" na mwingine hujibu "Tuko," ndipo mikono inapanda. Njiani unasema kila kitu, ngazi, kona, polepole, au doucement kwa Kifaransa chake, nimeshika, nimeachia. Wamarekani tuliofanya nao kazi walilijifunza neno lile, mpaka ukasikia kijana wa Virginia anauliza "Tuko?" kwa lafudhi ya kuchekesha. Katika kazi yetu kimya kina maana moja tu. Kimya maana yake kimevunjika.

Na la nne, ambalo niliwafundisha wengi baada yangu: usibebe kwa mikono kitu kinachoweza kusukumwa kwa toroli. Mikono huchoka, mikono hutoka jasho, mikono hukumbuka kwamba pua inawasha. Gurudumu halina pua.

Siku hizi kazi imebadilika. Sisi tulianza na magazeti yaliyofinyangwa na mablanketi. Sasa sponji inakatwa kwa mashine ikafuata umbo la chombo mpaka kwenye nundu ya mwisho, na ndani ya kasha wanaweka kidude kinachoandika kila mtikisiko, kwa hiyo ukiligonga kasha mahali fulani barabarani, kidude kinakwenda kukusemea kwa mkubwa wako. Papa Ilunga alikiita Yuda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ulifika mwaka vitu vya Londinium vilipoletwa Washington kwa maonyesho. Londinium ndilo jina la London ilipokuwa changa, mikononi mwa Warumi. Mwaka uleule, nyumbani kwangu hapahapa Bowie, mke wangu Wakesho alikuwa mgonjwa. Figo zilikuwa zimechoka. Madaktari walikuwa wamefikia hatua ile ya kuzungumza nawe wakiwa wamekaa badala ya kusimama. Na mimi nilikuwa na swali moja ambalo sikuweza kulitua popote: Wakesho akienda, tutamzika wapi?

Mtaona ni swali dogo kwa kuwa ninyi mmezaliwa hapa. Siku tulipoondoka Taita, mama mkwe wangu alinishika mkono mbele ya watu akaniambia: "Mwadime, unamchukua akitembea. Umrudishe, awe anatembea au awe amelala." Nikasema ndiyo, mama. Kila mtu alisikia. Na kaka yake Wakesho, shemeji yangu Mwandawiro, hakulisahau neno lile hata siku moja. Alipopata habari za ugonjwa alinipigia simu kila Jumapili.

"Shemeji, mipango ya kumleta imefika wapi?"

"Bado yuko hai, shemeji."

"Najua yuko hai. Nauliza mipango. Kwetu mtu hapotei. Unajua zamani, hata aliyezikwa kondeni, baada ya muda wazee walimfukua, wakachukua fuvu lake wakaliweka pangoni pamoja na ya wazee wake. Mtu analala na watu wake. Wewe utamwacha dada yangu alale na nani?"

 Wakesho mwenyewe nikimuuliza alinijibu kwa mkato: "Muulize daktari nile nini leo. Usiniulize nitalala wapi." Nikaona labda anaogopa kusema anataka kurudi kwa sababu ya usumbufu. Nikabaki hivyohivyo, nimebeba na sijui ninaelekea wapi.

Makasha ya Londinium yalikuja na msindikizaji wake. Vitu vya thamani havisafiri peke yake, vinapewa mtu wa kukaa navyo kuanzia mlango wa kule mpaka kabati la huku. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, tumwite Bi Joan, mweusi kama sisi, mwanaakiolojia. Kasha likitoka safari halifunguliwi papo hapo. Linaachwa lizoee hewa ya chumba, kama mgeni anavyopewa maji kabla ya kuulizwa habari. Basi tukawa na muda. Papa Ilunga akatoa chupa yake ya chai, akaniambia nimuulize mama huyu ndani mna nini, kwa sababu Kiingereza chake yeye kilikuwa cha kuunga kwa gundi.

Bi Joan alitueleza kwa furaha ya mtu anayezungumza habari za nyumbani. Alisema mahali London iliposimama hapakuwa na mji kabla ya Warumi. Palikuwa na mto mpana, matope, na vilima viwili vya changarawe. Warumi walivuka bahari na majeshi yao, wakatafuta mahali mto unapovukika, wakajenga daraja la mbao. Penye daraja zikaja barabara, kwenye barabara wakaja wachuuzi, na mji ukaota hapo. Kabla haujakaa sana, malkia mmoja wa wenyeji, ambaye Warumi walikuwa wamemdhulumu yeye na binti zake, akaja na watu wake akauteketeza wote. Mpaka leo, alisema, ukichimba chini ya maofisi ya London unakuta tabaka la udongo mwekundu ulioungua. Wakajenga tena juu yake.

"Muulize," akasema Papa Ilunga, "benyewe ba ule mugini balikuwa banani?"

Nikauliza. Bi Joan akasema wenye mji walikuwa wageni karibu wote. Askari, wafanyabiashara, watumwa, watumwa walioachwa huru, kutoka Gaul ambayo leo ni Ufaransa, kutoka Ujerumani na Hispania, hata Afrika ya kaskazini. Hata wenyeji wa nchi ile waliohamia pale walikuwa wageni, maana mji wenyewe ulikuwa mgeni.

Papa Ilunga akalitafakari hilo. Kisha akaniaibisha.

"Na yeye, iko wa wapi?"

"Anasema London, Papa."

"Non, non. Wa wapi kabisa?"

Nilitamani niingie ndani ya kasha. Lakini ilibidi nitafsiri, kwa kuwa alikuwa ananikazia macho. Bi Joan akacheka, ilionekana si mara yake ya kwanza kuulizwa. Akasema babu na bibi zake wamezikwa Jamaica. Mama yake amezikwa London. "Zamani nikiulizwa swali hilo nilikuwa nababaika," akasema. "Tangu tulipomzika mama, sibabaiki."

Mimi nilinyanyuka nikajifanya natafuta bisibisi.

Tulipofungua, vilitoka vitu vya ajabu na vya kawaida vikiwa vimechanganyika. Kilitoka kigae cha paa ambacho mbwa alikikanyaga kikiwa bado kibichi, wayo wake umo mpaka leo. Kilitoka kiatu cha ngozi cha mtoto, cheusi kwa matope ya mto. Sisi wabebaji hatuna desturi ya kushangaa, tunatazama tu kitu kitashikwaje, lakini kile kiatu kila mmoja wetu alikisogelea kukitazama mara ya pili.

Kasha la mwisho lilikuwa na chungu. Rangi ya majivu, ukubwa wa chungu cha kupikia maharage ya familia, bila urembo wowote. Pembeni yake, kwenye shimo lake la sponji, palikuwa na sahani nyekundu iliyong'aa. Nilikuwa nimeshapeleka mkono wa kulia chini ya tako la chungu, Papa Ilunga amesimama upande wa pili, tumeshaulizana. Bi Joan alikuwa ametupa mgongo, anaweka alama kwenye karatasi zake. Akasema bila kugeuka: "Polepole na huyo. Mwenyewe bado yumo ndani."

Kumbe Warumi wa siku zile waliwachoma wafu wao, wakakusanya mifupa iliyobaki wakaitia chunguni.

Nikatoa mkono. Papa Ilunga akavua kofia. Kijana mmoja wa Tanzania aliyekuwa anasukuma toroli akaliacha palepale na kuinamisha kichwa. Hakuna aliyeamuru. Kwetu sote, mwili wa mtu ukipita, mwenye jembe husimamisha jembe. Tukasimama hivyo, chumba kizima shwari.

Bi Joan aligeuka mara moja. Nimewaambia maana ya kimya katika kazi yetu.

"Mmekivunja?"

"Hapana, mama," nikasema. "Tunatoa pole."

Alikaa juu ya mfuniko wa kasha akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu kicheko kikamwisha. Akainuka, akasimama pamoja nasi mpaka Papa Ilunga alipovaa kofia.

Kuhusu aliyekuwa ndani, alijua machache. Alikuwa mwanamke, mtu mzima. Sheria ya Warumi ilikataza kuzika ndani ya mji, kwa hiyo makaburi ya Londinium yalipangwa nje, kando ya barabara, msafiri anayeingia mjini anawapitia wafu kwanza. Mji ulipokua ukawafunika. Jina la mwanamke halikupatikana. Alikotoka hakukujulikana.

Kutoka chumba cha makasha mpaka ukumbi wa maonyesho tulimpeleka kwa toroli, kama kanuni isemavyo. Papa Ilunga alinung'unika njia nzima.

"Mutu habamusukumake sawa kiazi."

"Papa, kanuni ni yako mwenyewe."

"Ile kanuni iko ya bintu. Uyu iko mutu."

Mkubwa wetu alikuwa anatutazama, kwa hiyo tukasukuma. Lakini maneno yale yalinikaa.

Wakesho aliposikia kisa hicho alicheka, akasema anataka kumwona huyo mwanamke. Siku ambayo nguvu zilimruhusu, binti yetu Mghoi, ambaye ni nesi na anakaa Columbia, si mbali na hapa, alikuja na gari na kiti cha magurudumu. Niliwaongoza moja kwa moja mpaka kwenye kabati la chungu. Sasa kilikuwa kimefunikwa kwa ile sahani nyekundu, imegeuzwa kifudifudi, na upande wake mmoja umeinuliwa ili watu waone ndani ya sahani.

Wakesho aliniambia nimsogeze mpaka magoti yake yakagusa kioo. Akatazama kwa muda mrefu.

"Hiki kifuniko ni sahani."

"Ndiyo. Bi Joan alisema ilitoka ng'ambo, Gaul, vyombo hivyo vilikuwa..."

"Sikuulizi ilikotoka. Angalia katikati. Ina mikwaruzo ya kisu. Hii ilikuwa inaliwa."

Nikaangalia. Nilikuwa nimeifungua, nimeibeba na kuiweka, na mikwaruzo nilikuwa nimeiona, maana kazi yetu ni kuona kila alama. Lakini niliiona kama alama.

"Aliyemzika hakwenda sokoni kutafuta kifuniko," akasema Wakesho. "Aliingia jikoni kwake. Ndugu zake walikuwa wapi?"

"Hakuna anayejua. Labda mbali."

"Basi alizikwa na waliokuwa wakila naye." Kisha akaniita kama anavyoniita akiwa ameshaamua. "Baba Mghoi, na mimi nizikeni ninyi mnaokula na mimi. Hapa."

"Mum, please," Mghoi akasema. "Si tutaongea hiyo story nyumbani? Not here."

"Wapi pazuri kuliko hapa? Kila mtu amekufa na hakuna anayelia."

Mghoi alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikauliza lililonikaba. "Na neno la mama yako? Nilimwambia ndiyo."

"Mama alichotaka ni nisipotee. Sasa niambie, hawa watoto wa Mghoi watapanda ndege kila Pasaka waje Wundanyi kung'oa majani kaburini kwangu? Wakiweza kunifikia kwa gari, sijapotea. Na mwambie kaka yangu nisifukuliwe baadaye kupelekwa popote. Nimehama vya kutosha."

Msidhani nilikubali palepale. Neno la ndiyo mbele ya mama mkwe si neno la kufuta kwa mkono. Nilizunguka nalo siku nyingi, nikiendesha kwenda Manassas na kurudi, na hasira zangu nikiwamalizia madereva wenzangu. Siku moja Papa Ilunga aliniona nafunga skrubu mahali ambapo nilishaifunga. Akaniuliza nini, nikamwambia yote.

"Njia umeshaipanga?"

"Bado, Papa."

Akaweka randa chini. "Basi juu ya nini unainua?"

Jioni ile nilimpigia shemeji Mwandawiro, Wakesho akiwa hai na anasikia, nikamwambia dada yake atazikwa Maryland kwa kutaka kwake mwenyewe. Nikamwambia kama kuna lawama ni yangu. Akakata simu. Jumapili iliyofuata hakupiga, wala iliyoifuata. Iliniuma, sitaki kuwadanganya. Lakini usiku nililala.

Wakesho alituacha majani yalipoanza kuanguka. Siku ya mazishi wakubwa wenu mlikuwepo, wadogo mlikuwa mmebebwa. Watu wa kampuni ya mazishi walikuja na toroli lao, la kung'aa, magurudumu ya mpira, wakaniambia kwa adabu kwamba ndivyo wanavyofanya, ni salama zaidi, ardhi ina mteremko. Walikuwa na haki. Kila walichosema nimewahi kukisema mimi mwenyewe kwa vijana wa kazi. Nikalitazama lile toroli, nikasema hapana. Huyu atabebwa.

Nilitangulia njia nzima mikono mitupu. Niliona mizizi iliyoinua udongo karibu na lango. Niliona pale nyasi zilipolowa. Nikarudi, nikawapanga: warefu mbele kwa sababu ya mteremko, Papa Ilunga kichwani, ingawa goti lake lilikuwa bovu na alikataa kuambiwa. Mimi nikashika ubavuni. Nikauliza, "Tuko?" Na kaka zenu, wanaonijibu Kiingereza hata nikiwapa hela ya soda, wakajibu kwa sauti moja. Tukainua. Maishani mwangu nimebeba vitu ambavyo bima yake ingenunua mtaa, na sijawahi kuogopa kama siku ile. Tulisema kila hatua. Mizizi. Nyasi. Polepole. Doucement. Tulipomtua hakukuwa na mshindo hata mdogo. Mghoi akaweka juu ya jeneza sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, ile ambayo mama yake hakukubali kula kwenye nyingine. Hapo nililia mpaka Papa Ilunga akanishika mgongoni.

Baada ya siku kadhaa simu ililia. Shemeji Mwandawiro.

"Nani walimbeba?"

Nikamtajia. Mkongo wa Lubumbashi. Vijana wawili wa Kikuyu. Mluhya. Mtanzania wa Mbeya. Mganda aliyeoa kanisani kwetu.

"Hapana Mtaita hata mmoja?"

"Mimi tu."

Nikasikia anavuta pumzi. "Walikuwa wakimjua?"

"Wamekula chapati zake miaka yote, shemeji."

"Walimbeba vizuri?"

"Hakuna aliyejikwaa."

"Haya," akasema. "Basi." Halafu akaniuliza habari za mvua, nami nikamuuliza za mahindi, tukaendelea hivyo mpaka leo.

Chungu kilisharudi London. Nilikifunga mwenyewe, na kabla ya kuweka sponji ya juu nilimwambia mwanamke yule asante, kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha yake hata Bi Joan hakuijua. Wakesho alikuwa wa kwanza wetu katika makaburi yale. Sasa Papa Ilunga yuko mstari wa chini yake, naye tulimbeba, na wapo wengine wa ibada yetu. Wajukuu wanakuja Jumapili na makopo ya maji, wanagombana nani amwagie nani, na wanajua njia bila kuuliza simu zao.

Basi, kazi yangu kwenu ni hii. Nafasi iliyo kando ya Wakesho ni yangu. Siku ikifika, wale watu wataleta toroli lao na watazungumza kwa adabu sana. Msikubali. Nibebeni. Mmoja wenu atangulie kwanza mikono mitupu, aitazame mizizi ya langoni, kila mwaka inapanda. Warefu wakae mbele. Mnishike pale uzito ulipo, siyo kwenye vishikio tu, vile vishikio ni urembo. Mjue mnanitua wapi kabla hamjaniinua. Ulizaneni kama mko, na mjibu kwa sauti. Na njia nzima msinyamaze, nikisikia kimya nitajua mmenivunja.